Tiba kazi: kwa nini wanaoongoza darasani wanakwama wakifika kwa mgonjwa?

#1 SinaHaraka
Wakuu, salaam.

Mdogo wangu anaanza kusoma tiba kazi, ile fani ya kumsaidia mgonjwa aweze tena shughuli zake za kila siku. Biolojia iko vizuri, anaongea na watu bila shida, mikono yake haitulii, kila kilichoharibika nyumbani anakifungua. Nikaona hapo hakuna cha kuhofia. Juzi nimekutana na jamaa anayefundisha fani hiyo, nikamuuliza dogo ajiandae vipi, akanitupia jambo ambalo mpaka sasa linanizunguka kichwani. Anasema wanaomsumbua zaidi kwenye mafunzo kwa vitendo si wale wa mkiani, ni wale waliokuwa wanaongoza. Misuli yote ya mkono wanaitaja mmoja mmoja, lakini wakikalishwa mbele ya mtu aliyepata kiharusi anayehangaika na shati, hawajui waanzie wapi.

Mimi nahisi wanakosa wito tu. Mnaoifanya hii kazi, au mliowahi kuhudumiwa, mnasemaje? Ni kipi hasa kinachomfanya mtu aiweze?

#2 PanguPakavu
Nimekaa siti ya mbele. Waje wenye fani yao.

#3 KidoleGumba
Nipo kliniki ya mikono, naongea ninachokiona. Hilo la wito tuliweke pembeni kwanza, linaficha uzembe mwingi. Mtu ana wito hadi machozi yanamtoka, halafu hajui kwamba neva ya radiali ikiumia kifundo cha mkono kinalegea na kiganja kinaning'inia, na ikiumia ya alna ni vidole viwili vya mwisho vinavyojikunja. Akizichanganya hizo mbili, splinti atakayotengeneza, yaani kile kifaa kigumu cha kuushikilia mkono mahali pake, haina kazi.

Na splinti ndiko unamjua mtu. Plastiki unailoweka kwenye maji ya nyuzi 70 hivi, inalegea, unaitoa, unaikausha, unaijaribu kwenye ngozi yako kwanza usije ukamuunguza mtu, ndipo unailaza kwenye mkono wake. Una dakika chache kabla haijakakamaa. Ndani ya hizo dakika unashikilia pembe ya kifundo, unaufuata upinde wa kiganja, unaacha nafasi kidole gumba kicheze, unakwepa kile kinundu cha mfupa upande wa kidole cha mwisho, na wakati huohuo unapiga soga na mgonjwa ili asikaze mkono. Ukikandamiza kwa ncha za vidole unaacha vibonyeo, na kibonyeo cha leo ni kidonda cha kesho. Ikishapoa anaivaa kama nusu saa, unaivua, unakagua ngozi.

Wapo wenye alama za kutisha wanaganda hapa, kwa sababu hawajazoea kuamua kabla hawajamaliza kufikiri. Jibu langu ni hilo: anatomia iwe imeshuka mpaka mikononi. Ikibaki kichwani tu, utakwama.

#4 BintiSaburi
KidoleGumba umenena, ila hiyo ni kliniki ya mikono. Mimi nipo wodi ya kiharusi, na huku kinachowaangusha ni macho na mdomo.

Macho. Mwanafunzi anatumwa akamwangalie mzee akinyoa ndevu asubuhi. Anarudi kaandika "ananyoa mwenyewe bila msaada". Naenda kumwona mzee: shavu la kulia safi, la kushoto povu lote lipo, na yeye kashakunja taulo, kamaliza. Upande wa kushoto kwake haupo, ubongo hauutambui tena. Anakula nusu ya sahani kisha analalamika chakula kilikuwa kidogo. Kiti chake cha magurudumu kinagonga fremu ya mlango upande uleule kila siku. Ndugu wanadhani ni ukaidi. Na huyo mwanafunzi aliwahi kuandika insha nzuri tu kuhusu hali hiyohiyo, upande gani wa ubongo, vipimo gani. Ilipomjia na povu lake hakuitambua, kwa sababu alikwenda kuangalia kama kazi imefanyika. Inafanyikaje, hakuangalia.

Mdomo, namaanisha kuufunga. Na mikono pia. Mtu anapambana na mkono wa shati na wewe ungemvalisha kwa sekunde tano. Mwanafunzi mwenye moyo mzuri hawezi kuvumilia, anaingilia. Hapo kamuibia mgonjwa zoezi la siku nzima. Utaratibu wenyewe ni mfupi: mkono dhaifu uingie kwanza, na wakati wa kuvua utoke mwisho. Mwonyeshe, kisha kaa na mikono yako nyuma.

#5 ChumaChakavu
Mnazidisha jamani. Si ndiyo ile kazi ya kuwapa wagonjwa vikapu wasuke na vibao wapake rangi? Ilianza baada ya Vita ya Pili ya Dunia, kuwachangamsha askari majeruhi. Huruma na tabasamu vinatosha, hayo mengine mbwembwe.

#6 MlinziWaMakabrasha
Chuma, umeruka vita moja nzima. Chama cha kwanza cha fani hii kilianzishwa Machi 1917 kule Clifton Springs, jimbo la New York. Mwaka 1918 wanawake waliofunzwa kazi hiyo walikuwa tayari wako Ufaransa kwenye hospitali za jeshi la Marekani. Vita ya Pili ilikuta shule zipo, ikiwemo Dorset House aliyoifungua Dkt. Elizabeth Casson mjini Bristol, Uingereza, mwaka 1930. Ukirudi nyuma zaidi mizizi iko kwenye hospitali za wagonjwa wa akili mwishoni mwa karne ya 18: daktari Pinel kule Ufaransa, na William Tuke aliyefungua nyumba yake ya kuwatunza wagonjwa hao mjini York, Uingereza, mwaka 1796.

Ila watazame waliokaa kikao kile cha 1917, maana wanagusa swali la mleta uzi. George Barton, msanifu majengo. Thomas Kidner, msanifu majengo naye. William Rush Dunton, daktari wa magonjwa ya akili. Eleanor Clarke Slagle, kutoka ustawi wa jamii. Susan Cox Johnson, mwalimu wa kazi za mikono. Isabel Newton, karani wa Barton. Daktari mmoja tu hapo. Ukiwafanyia usaili wa chuo cha leo, wengi wanarudishwa mlangoni.

#7 ChumaChakavu
Vita nimekuachia. Vikapu hujavikana.

#8 MlinziWaMakabrasha
Vikapu vilikuwepo na nani amekataa? Kusuka kunadai mikono miwili, mpangilio, kuhesabu, kukaa wima muda mrefu na kustahimili kukosea. Anayemchagulia mgonjwa kazi kwa kujua inadai nini na yeye anapungukiwa nini, huyo ni mtaalamu. Anayegawa tu ili siku iishe, ni mgawa vikapu. Na wapo mpaka leo, ila siku hizi wanagawa mipira ya kuminya.

#9 PanguPakavu
Hiyo ya mipira ya kuminya kuna mtu humu imemchoma 😂

#10 MamaPacha
Mimi si mtaalamu, ni mzazi. Mmoja wa pacha wangu ana mtindio wa ubongo, tumepita kwa wengi.

Kuna mmoja alikuwa na mfuko wa midoli, mcheshi, mtoto alimpenda. Anamkalisha kwenye kiti kirefu, miguu inaning'inia, wanafanya mazoezi ya mkono: shika kijiko, kinaanguka, shika, kinaanguka. Miezi ikapita hivyo. Aliyemfuata hakugusa mkono kabisa. Aliinama akatazama chini ya meza. Akatafuta ubao akauweka chini ya nyayo za mtoto, akaweka taulo lililokunjwa kila upande wa kiuno, akashusha meza mpaka usawa wa viwiko, akanenepesha mpini wa kijiko kwa sponji. Kisha akakaa kimya. Kijiko kikafika mdomoni. Nusu ilimwagika njiani, lakini kilifika. Akaniambia mtoto asipokaa imara, mkono unatumika kuushikilia mwili usianguke, kwa hiyo hauwezi kushika kitu kingine.

Na kabla ya yote hayo aliniuliza: nyumbani anamlisha nani, na huyo ana muda kiasi gani? Kabla yake hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

Sasa hiyo sifa mtaiita jina gani nyie wenyewe. Alama zake za chuo sizijui, na sikuwa na haja ya kuzijua.

#11 KidoleGumba
Dada, hiyo ni sayansi tupu. Kiwiliwili kwanza ndipo kiganja. Kaisoma darasani akaitumia.

#12 BintiSaburi
Kainama chini ya meza, KidoleGumba. Hicho kitabu cha kuinama kinauzwa wapi? Na yule wa kwanza unadhani hakusoma somo hilohilo?

#13 PanguPakavu
Kila mtu anavutia kamba kwake. Endeleeni.

#14 Kiwiko
Niko mwaka wa mwisho. Mnasahau mwili wa mtoa huduma mwenyewe. Kusimama kutwa, kupiga magoti, kukaa sakafuni na watoto na kuinuka haraka mmoja akikimbia, kumbeba mgonjwa wa kilo 90 kutoka kitandani mpaka kwenye kiti. Vyuo vingi vina orodha ya masharti: uweze kuona, kusikia, kuhisi kwa vidole, kuinua, kuandika kwa wakati. Na vitendo si mchezo, kiwango cha chini cha Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba Kazi ni saa 1,000. Alama huwa nzuri mwaka wa kwanza kwa sababu umekaa kwenye kiti. Wanaokwama wengi wamechoka tu, hiyo siri hamuisemi.

#15 BintiSaburi
Kiwiko, neno "kumbeba" lifute kabla msimamizi wako hajapita humu. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza kikomo cha kilo 16 hivi kwa kumwinua mgonjwa kwa mikono, tena mgonjwa awe mtulivu na uwe umesimama vizuri. Mguu mmoja wa huyo wa kilo 90 unakaribia hapo. Yanayobaki ni ubao wa kuhamishia, mkanda, winchi na mwenzako. Sogeza kiti upande wenye nguvu, funga breki, nyayo zirudi nyuma ya magoti, kichwa kiende mbele, makalio yenyewe yataachia kitanda. Nimewaona wenye misuli wakiumia migongo mapema kuliko sisi wembamba, kwa sababu sisi hatukuwa na pa kujidanganyia.

La uchovu nakubaliana na wewe.

#16 Nuru_77
Habari. Huwa nasoma tu ila Kiwiko kanigusa. Macho yangu hayatofautishi nyekundu na kijani, na sikio moja halisikii. Nilitaka kuomba nafasi nikaambiwa nisijisumbue, eti splinti ikiibana ngozi sitaona ikiwa nyekundu. Kuna ukweli?

#17 Kiwiko
Pole, lakini kwa usalama wa mgonjwa naona wana hoja. Mtu yuko bafuni anaita, sikio lililo upande wake halisikii. Ngozi inaanza kuharibika, huoni. Hapo atakayeumia si wewe.

#18 KidoleGumba
Kiwiko, hao wagonjwa wenye ngozi nyeusi unawakaguaje? Wekundu kwao hauonekani hata kwa mwenye macho makali, na wengi wamepata vidonda vya mgandamizo kwa sababu mtu alisubiri wekundu. Unapitisha mgongo wa mkono: pana joto au ubaridi kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au panabonyea? Mgonjwa anasema panawasha au panauma? Kipimo cha rangi peke yake kilikuwa kibovu tangu zamani. Nuru atajifunza kukagua kwa vidole na maswali, na huenda akawa makini kuliko anayeitegemea rangi.

La bafuni lina kengele ya kuita, na kuna kanuni ya kutomwacha peke yake mtu anayeweza kuanguka. Hiyo inamhusu mwenye masikio mawili pia.

#19 MlinziWaMakabrasha
Nuru, yule Barton niliyemtaja #6 alikuwa ameugua kifua kikuu, na baadaye upande wake wa kushoto ukapooza. Alijitibu kwa kulima bustani na useremala, humo ndimo wazo la fani lilimokomaa. Masharti anayoyataja Kiwiko yangemtoa mwanzilishi nje ya darasa.

Kwa upande wa sheria, Marekani kifungu cha 504 cha sheria ya 1973 ya urekebishaji, kisha sheria ya walemavu ya 1990, vinakizuia chuo kumkataa mwenye ulemavu anayeweza kutimiza mambo ya msingi akipewa marekebisho yanayofaa. Nchi nyingine zina taratibu zao, lakini swali la kuwauliza ni hilohilo: jambo la msingi hapa ni lipi? "Kuona wekundu" au "kugundua ngozi inapoanza kuumia"? Mengi yaliyo kwenye orodha hizo ni njia, wameziandika kana kwamba ndiyo malengo.

#20 Kiwiko
Hilo la njia na lengo nimelipenda. Lakini kikomo kipo, tusimdanganye dada. Mkalimani wa lugha ya alama anaweza kuwepo, msaidizi wa kukuandikia anaweza kuwepo. Atakayekuamulia kwamba huyu mzee anaweza kurudi nyumbani peke yake, huyo hayupo. Uamuzi haukopeshwi.

#21 Nuru_77
Hapo tuko pamoja. Nashukuru, naomba nafasi.

#22 MtiliaShaka
Nimesoma uzi wote. Mnaeleza sababu za jambo ambalo hakuna aliyethibitisha kama lipo. Jamaa mmoja mwalimu kamwambia SinaHaraka kwamba wanaoongoza ndio wanaokwama. Inawezekana anawakumbuka hao kwa sababu walimshangaza. Wa mkiani akikwama nani anamsimulia? Tena wa mkiani wengi walishachujwa kabla ya vitendo, hawafiki wodini kuhesabiwa.

La pili: nani anampa alama mwanafunzi wodini? Msimamizi mmoja, mwenye mapenzi yake. Binti anapenda anayenyamaza, KidoleGumba anapenda mwenye mikono mepesi. Mwanafunzi yuleyule akihamishwa idara anageuka hodari au zezeta.

#23 BintiSaburi
Hoja yako ya pili inauma kwa sababu ina ukweli ndani yake. Ya kwanza bado sijaimeza, ninaowaona nawaona.

#24 MtiliaShaka
Ndiyo maana yangu hasa, "ninaowaona".

#25 Utulivu
Natoka upande wa afya ya akili, mmetusahau kama kawaida. Huku hakuna splinti wala ubao wa kuhamishia. Kuna mtu hajatoka kitandani kwa wiki kadhaa na huna cha kumwonyesha. Mwanafunzi hodari anakuja na ratiba iliyopangwa kwa rangi: saa moja kuoga, saa mbili matembezi. Mgonjwa anaitikia kwa adabu, halafu anageukia ukutani.

Kinachotakiwa huku ni kuweza kukaa na mtu asiyeendelea bila kumchukia na bila kujichukia. Mwanafunzi aliyezoea kushinda mitihani anaona mgonjwa asiyepona kama mtihani alioanguka yeye. Ataanza kusukuma, au atamkwepa, au atampenda kupita mpaka, anampigia simu usiku na kumbebea shida zake. Yote matatu yanatoka kwenye kidonda kimoja.

Nilikuwa na kijana, swali lililomfungua lilikuwa "kabla hujaugua, asubuhi ukiamka ulikuwa unashika nini kwanza?" Akasema redio. Tulianza na kubadilisha betri za redio, akiwa kitandani. Wakanada walitengeneza kipimo mwaka 1991 ambacho mgonjwa mwenyewe ndiye anataja yanayomsumbua na kuyapa namba 1 mpaka 10, kwa umuhimu, kwa jinsi anavyoyafanya na jinsi anavyoridhika. Mara nyingi anachokitaja cha kwanza hakimo kwenye mpango wako hata kidogo. Uwe tayari kuukunja mpango wako mbele yake bila uso kubadilika. Hilo wanaojua sana linawauma.

#26 ChumaChakavu
Utulivu, hiyo ya redio imenikaa. Ila kwa hiyo mnalipwa kubadilisha betri? 😂

#27 Utulivu
Ndiyo. Na kuandika ripoti inayoeleza kwa nini betri zilikuwa tiba. Hapo ndipo jasho linatoka.

#28 BintiSaburi
Afadhali ripoti imetajwa. Kuandika ni nusu ya kazi, na wanaoipenda kazi hii huwa wanaichukia hiyo nusu. "Anaendelea vizuri" haimwambii chochote atakayempokea kesho. Andika: "Anavaa shati la vifungo akiwa ameketi kitini, anakumbushwa mara moja kuanza na mkono wa kushoto, anasaidiwa kifungo cha juu." Na usijifiche nyuma ya namba. Kipimo cha Barthel, kile cha 1965 cha alama 0 hadi 100, mtu anapata 100 na bado hawezi kuishi peke yake, kwa kuwa hakimuulizi kama anaweza kupika, kupanga pesa zake au kumeza dawa kwa wakati.

#29 KidoleGumba
Ongeza hapo: aandike ili fizio, yule wa tiba ya mazoezi ya viungo, aelewe, daktari aelewe, na mke wa mgonjwa aelewe. Hao wanasoma kwa macho tofauti.

#30 PanguPakavu
Mmemtaja fizio. Nyie na fizio mna tofauti gani? Mimi nawaona wote mnawaambia watu "inua mguu".

#31 KidoleGumba
Tukianza hilo uzi utafungwa. Kwa kifupi tu: fizio atafurahi mguu ukiinuka. Mimi nitauliza ukishainuka unaingia kwenye suruali?

#32 Kiwiko
Kuna rafiki yangu fizio kasoma #31 anasema na yeye anauliza kuhusu suruali, acheni kuwachafua.

#33 SinaHaraka
Nimesoma kila kitu, asanteni. Nilikuja na wito, nimepewa mikono, macho, ukimya, mgongo, na sasa naambiwa tatizo lenyewe huenda halipo. Nipeni basi kitu kimoja dogo afanye kabla chuo hakijafunguliwa. Kimoja tu, msinipe orodha.

#34 BintiSaburi
Achague kazi anayoifanya kila siku bila kufikiri, mfano kuvaa shati. Aiandike hatua kwa hatua: kulitambua mbele na nyuma, kutafuta mkono wake, kusawazisha mwili ukiinua kiwiko, kufikisha mkono mgongoni kuvuta upande wa pili, kuoanisha kifungo na tundu lake bila kuangalia. Karibu na kila hatua aandike inadai nini: nguvu, hisia, macho, kumbukumbu, mizani. Halafu amtazame mzee na mtoto wakiifanya kazi hiyohiyo, bila kuwasaidia, aone orodha yake inavyovunjika.

#35 ChumaChakavu
Nimejaribu kwa mkono mmoja nikijifanya nina kiharusi. Vifungo vyote nimemaliza, kile cha juu kimenitoa jasho. Kumbe naweza fani hii.

#36 KidoleGumba
Chuma, uliketi umenyooka? Mkono "mbovu" uliuweka mahali unapoutaka na ulijua uko wapi? Basi hiyo ni shati kwa mkono mmoja, kiharusi bado. Mwenzako kiwiliwili kinaegemea upande, mkono una uzito hauna taarifa, na anaweza kuwa ameliona shati akasahau linavaliwaje.

#37 Utulivu
Na ameshajaribu jana, juzi, na mbele ya mkwewe.

#38 MtiliaShaka
SinaHaraka, zoezi la #34 ni zuri, ila angalia: dogo akilifanya vizuri sana kwenye karatasi, huyo ndiye yule yule mnayesema ataganda wodini. Binti atatujibu.

#39 BintiSaburi
Ndiyo maana nimesema amtazame mzee na mtoto. Karatasi ni ya kuanzia tu. Sehemu ya pili ndiyo wengi wanairuka.

#40 KidoleGumba
Akimaliza aje kwangu ashike plastiki ya moto, tusibishane kwa nadharia.

#41 SinaHaraka
Dogo kaanza. Kwenye shati peke yake kaandika hatua 31, nimemuuliza mbona nyingi, anasema bado kola.